Binti yangu wa kidato cha tatu ana CP na kila mtihani anaacha karatasi nusu: atasoma aje, na kazi atapata?

Swali: Habari mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Umoja. Binti yangu wa pili ana miaka 17, yuko kidato cha tatu shule ya kutwa hapa Eastlands. Ana mtindio wa ubongo, hii CP. Mkono wa kulia haumsaidii sana, anaandika na wa kushoto polepole mno, na akiongea mtu asiyemzoea hamwelewi haraka. Akili iko sawa kabisa, nyumbani ananieleza bayolojia mpaka nashangaa, lakini muhula uliopita alipata D plus na mwalimu akaniambia ni mzembe. Dadangu ananishauri nimtoe nimpeleke ushonaji angalau ashike kitu cha kumsaidia. Yeye mwenyewe anataka kazi ya kompyuta. Mimi nauza nguo Gikomba na karo napambana nayo. Nimsaidie aje asome vizuri, na kusema ukweli, kuna mtu atamwajiri?

Jibu: Mama, pole na mzigo na pia hongera, manake kumtoa mtoto wa CP nasari mpaka kidato cha tatu kwa shule ya kawaida hapa Nairobi si mchezo, najua kuna milango umegonga na hukufunguliwa. Nitakujibu kwa urefu. La kwanza ni kwamba usimtoe shule, na la pili ni kwamba usingoje amalize shule ndio uanze kufikiria kazi. Yale anayohitaji ili amalize karatasi ya mtihani ndiyo yale yale atakayohitaji akiwa kazini: ajue mwili wake unaweza nini na unakwama wapi, ajue kuomba msaada anaohitaji bila kuona haya, na awe na njia yake mwenyewe ya kufanya kazi mpaka ikaisha kwa wakati. Akijifunza hayo sasa akiwa na miaka 17 anajifunza masomo na kazi kwa pamoja, na ndio maana sitatenganisha maswali yako mawili.

Tuanze na hiyo D plus. Usiiamini bado. Inaweza kuwa inasema hajui, ama inaweza kuwa inasema anajua lakini wakati uliisha kabla hajaandika, na dawa ya haya mawili ni tofauti kabisa. Kuna njia rahisi ya kujua. Tafuta past paper ya bayolojia, ile karatasi ya kwanza ya masaa mawili, mkalishe mezani Jumamosi asubuhi akiwa hajachoka, aanze. Masaa mawili yakiisha chukua kalamu nyekundu uchore mstari pale alipofika, alafu mwache aendelee mpaka swali la mwisho hata kama itamchukua asubuhi nzima na kupumzika katikati. Mkimaliza mtafute mtu asahihishe, mwanafunzi wa chuo hapo jirani anatosha, na alama za juu ya mstari zihesabiwe peke yake na za chini ya mstari peke yake. Ukikuta chini ya mstari amejibu vizuri sawasawa na juu, basi umejua shida ni muda na mkono. Ukikuta hata juu ya mstari amekosa mengi, basi kuna mada zimempita na anahitaji kufundishwa tena, na hapo hata ukimpa siku nzima haitasaidia. Mara nyingi inakuwa mchanganyiko. Hiyo karatasi iweke kwa faili uende nayo shule, manake mwalimu akiambiwa tu "mtoto wangu anajua" ameshaskia hiyo kwa kila mzazi, lakini akiona mstari mwekundu na majibu sahihi chini yake, mtaongea lugha moja.

Na hilo neno mzembe linaniuma, wacha nilisemee. CP inatokana na ubongo kuumia ama kutokua vizuri kabla mtoto hajazaliwa, akizaliwa, ama muda mfupi baadaye, na sehemu iliyoguswa ni ile inayoongoza misuli. Misuli inakaza wakati haifai, ama haitii. Kwa hivyo kila mstari anaoandika unamgharimu nguvu nyingi kuliko mwenzake wa dawati, na ikifika saa nane mchana amechoka kweli kweli, kuchoka kwa mwili mzima, na ukimwangalia kutoka mbele ya darasa lililojaa unaona tu mtoto aliyeweka kichwa kwenye meza. Sidhani mwalimu ana roho mbaya. Hajaonyeshwa. Kwa hivyo msiende kugombana, nendeni kumwonyesha.

Kabla ya hiyo siku fanya tathmini rasmi kama hajawahi kufanyiwa au kama ile aliyofanyiwa ni ya zamani za nasari. Ofisi za EARC za kutathmini watoto wenye mahitaji maalum zimekuwepo Kenya tangu 1984, na kwa mtu wa Umoja kuna pia KISE, ile taasisi ya taifa ya elimu maalum, pale Kasarani, si mbali. Unachotaka kutoka hapo ni ripoti inayosema wazi kwamba kasi yake ya kuandika ni ndogo kwa sababu ya ulemavu na kwamba anahitaji muda zaidi na marekebisho fulani. Bila hiyo karatasi wewe ni mama anayelalamika, na ukiwa nayo shule ina kitu cha kupeleka KNEC, lile baraza la mitihani ya taifa.

Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hakuna muda wa kupoteza. Binti yako yuko kwa darasa la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wa zamani, KCSE yao, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ni ya 2027 na nyuma yao hakuna kidato kingine, wanaofuata ni hawa wa gredi ya 10. Lile wazo ambalo wazazi wengi wanapewa la "tumrudishe darasa moja apate nguvu" kwenu halipo. KNEC inatoa marekebisho kwa watahiniwa wenye ulemavu, kuna muda wa ziada, kuna karatasi za breli na za maandishi makubwa, viziwi wanafanya lugha ya ishara ya Kenya badala ya Kiswahili, lakini ombi linapitia kwa mwalimu mkuu na mahitaji ya mtoto yanatakiwa yaonekane tangu usajili, na usajili huwa miezi ya kwanza ya mwaka wa mtihani. Nimeona wazazi wakikumbuka mwezi wa tisa. Kwa hivyo ongea na mwalimu mkuu mwaka huu, kwa barua, nakala ubaki nayo. Na uulize kila kitu kimoja kimoja: muda wa ziada, mtu wa kumwandikia, praktikali ya kemia atashikaje chupa na mkono mmoja. Usichukulie kwamba kitu anachotumia darasani kitakubaliwa moja kwa moja kwenye mtihani wa taifa.

Alafu hayo marekebisho yaanze kwenye mitihani ya kawaida ya shule, kuanzia CAT inayofuata. Mtoto aliyezoea kukimbizana na kengele miaka mitatu ukimpa muda wa ziada siku ya KCSE tu hajui kuutumia, anaharakisha vile vile alafu anakaa anaangalia dirisha. Na kama atakuwa na mtu wa kumwandikia, kusema jibu kwa sauti ili mwingine aandike ni ujuzi wa kujifunza, mwanzoni ni ngumu, unasahau ulikuwa unasema nini ukimngoja amalize sentensi. Wafanye mazoezi pamoja mapema.

Sasa masomo yenyewe. Kitu kinachomla binti yako zaidi naamini ni kunakili noti ubaoni. Anatumia nguvu zake zote kuhamisha maneno kutoka ubaoni mpaka daftarini, na mwalimu akianza kueleza yeye bado yuko mstari wa tatu. Kama utaomba shule jambo moja tu, omba hili: asinakili. Apewe noti za mwalimu zikiwa zimechapwa, ama rafiki mwenye mwandiko mzuri amwazime daftari jioni mpige fotokopi hapo stejini. Wenzake wakinakili yeye anaskiza, na anaandika maneno machache tu ya kumkumbusha. Hii haigharimu shule chochote na nimeiona ikibadilisha mtoto ndani ya muhula mmoja.

Nyumbani usimwache asome kwa kupitia noti tena na tena. Hiyo inampa mtu hisia kwamba anajua kwa sababu maneno amezoea kuyaona. Daftari lifungwe, akueleze kwa mdomo, wewe ukiwa umelishika. Hata kama bayolojia uliiacha zamani unaweza kuona kama amesema "vena" au ameiruka. Alichoruka ndicho asome. Baada ya siku mbili mrudie ile mada, alafu baada ya wiki, alafu baada ya mwezi. Faida ya njia hii kwake ni mara mbili, mkono unapumzika na pia anazoea kuongea mambo marefu kwa mpangilio, jambo ambalo ataulizwa kwenye kila intaviu maishani mwake.

Ratiba ipangwe kufuatana na nguvu zake. Hesabu na kitu chochote cha kuandika kiwe asubuhi au baada ya kupumzika, usiku abaki na ya mdomo na ya kuskiza. Vipindi viwe vifupi, nusu saa hivi alafu asimame anyooshe mwili. Na kuhusu idadi ya masomo, KCSE inahitaji masomo saba. Wengi wanafanya manane kwa kujihami. Kwake somo la nane ni gharama tupu, ni karatasi mbili ama tatu zaidi za kuandika wiki ambazo mwili umeshachoka. Siku hizi gredi inahesabiwa kwa hesabu, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na matano mengine bora, kwa hivyo kaeni na mwalimu mchague saba kwa akili, na kama shule ina masomo ya kompyuta hilo liwe ndani.

Kuhusu kompyuta nimefurahi sana kwamba amejichagulia mwenyewe. Mkono mmoja unatosha. Kwenye Windows kuna mpangilio unaitwa Sticky Keys, ukibonyeza Shift mara tano mfululizo unakuuliza kama uuwashe, na ukishawaka mtu anabonyeza Ctrl, anaachilia, alafu anabonyeza C, hahitaji kushika vyote pamoja. Kuna pia kupendekezewa maneno kama kwenye simu, anaandika herufi tatu anachagua neno. Ile ya kuongea simu iandike ajaribu, inafanya kazi kwa Kiingereza na Kiswahili, lakini kwa mtu mwenye matamshi kama yake inakosea sana, kwa hivyo msiitegemee na asivunjike moyo ikimkataa. Aanze na kuchapa kwa mkono wa kushoto kila siku kidogo, kasi itakuja. Hata kama KCSE ataandika kwa kalamu, huku ndiko riziki yake iko. (Kwa mzazi anayesoma hapa mwenye mtoto asiyeona: NVDA inayosoma skrini kwa sauti ni ya bure kabisa, TalkBack iko ndani ya simu za Android, na pale Thika shirika la inABLE lilianza kufundisha wanafunzi wasioona kompyuta tangu 2009, kwa hivyo msikubali kuambiwa haiwezekani.)

Sasa nije kwa jambo ambalo pengine litakuuma kidogo, na naliandika kwa upendo. Nani anaongea mkienda hospitali? Mkipanda matatu, nani anamwambia konda mtashuka wapi? Mama wengi wa watoto wa CP ninaowajua wanajibu kila swali kabla mtoto hajafungua mdomo, na wanafanya hivyo kwa sababu wamechoka kuona watu wakimkodolea macho. Naelewa kabisa. Lakini mtoto anafika miaka 17 hajawahi kumaliza sentensi yake mbele ya mgeni, alafu tunashangaa mbona hamwambii mwalimu wakati umeisha na hajamaliza. Kuanzia leo yeye ndiye anajibu kwanza. Konda akisema "ati?" arudie. Ukiona inachukua muda, nyamaza, hata kama watu nyuma wanasukumana.

Na mumtengenezee sentensi yake. Kuna kijana wa CP niliyemfundisha, tulikaa naye tukatengeneza maneno ya kusema akifika mahali pageni, tukayakata na kuyakata mpaka yakabaki mafupi: "Naongea polepole kwa sababu ya CP. Nakuelewa vizuri. Nipe dakika nimalize." Basi. Hakuna kuomba msamaha ndani yake, hakuna hadithi ya kuzaliwa. Tulifanya mazoezi na mlinzi wa geti, na mama wa kantini, na mwalimu mkali, na likizo ilipofika akaenda nayo saiba moja Kayole kuuliza kibarua. Mwenye saiba alimwangalia, akauliza anaweza kufanya nini. Akasema naweza kuskani, naweza kupanga mafaili kwa majina, naweza kuchapa barua ila si za haraka. Akapewa mafaili ya wateja yaliyokuwa yamejazana kwa kompyuta bila mpangilio, hakuna aliyekuwa na subira ya kuyashika. Alikaa pale likizo yote. Nataka uone kilichomsaidia: alisema kazi tatu anazoweza na moja asiyoiweza, na mwenye saiba hakubaki akikisia. Mwajiri wa mtaani mara nyingi hakatai ulemavu, anakataa kutojua, anaogopa mtu ataumia kwake ama atalazimika kumwangalia siku nzima.

Kwa hivyo likizo inayokuja mtafutie binti yako kazi ndogo ya kweli, masaa machache kwa siku, mahali ambapo bosi si shangazi wala mjomba. Usiende kusema "naomba umsaidie mtoto wangu", nenda naye, yeye aseme, na muwe mmeshaangalia ile kazi mkajua anaweza kipande gani. Chukua kazi ya saiba kwa mfano: kuna kupokea mteja, kuskani, kuipa faili jina, kuituma kwa imeili, kuprinti, kukata, kubana na stepla, kupokea pesa. Kukata karatasi na mkono mmoja itamsumbua. Kuskani, kuipa faili jina na kutuma hazitamsumbua hata kidogo. Hivyo ndivyo mnavyoongea na mwenye biashara. Kanisa lenu lina ofisi, kuna maduka ya dawa yanahesabu stoki, kuna shule za msingi zina maktaba zisizopangwa. Hata kibanda chako Gikomba kinaweza kuwa mwanzo, aandike mauzo ya kila siku kwenye simu jioni na mwisho wa mwezi akuonyeshe faida, lakini kwako kusiwe peke yake, manake mama husamehe kuchelewa na bosi hasamehi.

Na alipwe, hata kama ni kidogo. Huko Marekani wamefuatilia jambo hili muda mrefu na inaonekana wazi kwamba wanafunzi wenye ulemavu waliofanya kazi ya malipo wakiwa bado sekondari wana nafasi kubwa zaidi ya kuajiriwa baada ya shule. Sheria yao ya elimu maalum inataka mtoto akifika miaka 16 awe na mpango ulioandikwa wa atakakoenda baada ya shule, na mtoto mwenyewe aalikwe kwenye kikao. Sisi hatuna hiyo lazima, lakini hakuna anayekuzuia wewe, yeye, mwalimu wa darasa na yule wa ushauri nasaha kukaa nusu saa na kuandika ukurasa mmoja: anataka nini, anaweza nini sasa hivi, muhula huu tunafanya nini, nani anafanya. Yeye ndiye aongoze hicho kikao, aanze na ile sentensi yake.

Usafiri pia ni ujuzi wa kazi na watu wanausahau. Mtu asiyeweza kutoka Umoja mpaka tauni peke yake atakosa kazi hata akiwa na digrii. Anzeni safari mkiwa pamoja, alafu wewe ukiwa siti ya nyuma, alafu ashuke akupigie. Ajue kukataa gari lililojaa na kungoja linalofuata, ajue kumwambia konda mapema kwamba anashuka polepole gari lisimame kabisa.

Hapa lazima niseme na usalama, hasa kwa msichana. Wasichana wenye ulemavu wanalengwa na watu wabaya zaidi kuliko wenzao, na wanaowadhuru mara nyingi ni watu wanaojulikana. Mahali pa kazi pawe wazi, pawe na watu wengine, pawe na mwanamke kama inawezekana, na yeye ajue kabisa kwamba mtu akimshika vibaya au akimwambia "usiseme" anakuja kukuambia siku hiyo hiyo na hatagombezwa. Namba 116 ya watoto ni ya bure na inajibu usiku na mchana, aikariri. Usimfungie nyumbani kwa sababu ya hofu hii. Aliyefungiwa asiyejua maneno ya kusema hapana ndiye yuko hatarini zaidi.

Kuhusu ushonaji wa dada yako, namheshimu anajali, na ushonaji ni kazi nzuri inayolisha familia nyingi hapa mjini. Lakini fikiria: cherehani inataka mikono miwili, mmoja unaelekeza kitambaa na mwingine unakishika, na mguu uende nao sawasawa. Kwa mtoto ambaye mkono mmoja ndio haumsaidii hiyo ni kumpeleka mahali anapokwama kila siku. Kwa miaka mingi mtu mwenye ulemavu Kenya amekuwa akisukumwa kwa ushonaji, viatu na vikapu bila mtu kumwuliza anataka nini, na binti yako ameshasema anataka nini.

Na njia zipo hata akikosa C plus ya chuo kikuu. C minus inampeleka diploma, D plain inampeleka cheti, na kozi za kompyuta na za ofisi ziko kwenye vyuo vya kawaida kama Kabete National Polytechnic, Nairobi Technical pale Ngara, ama PC Kinyanjui huko Dagoretti. Kuna vyuo vya umma vilivyojengwa kwa ulemavu fulani, Karen ni ya viziwi, Machakos ni ya wasioona, lakini yeye anaweza kusoma na wengine. Kabla ya kuchagua nendeni mkaone kwa macho: maabara ya kompyuta iko ghorofa ya ngapi, lifti ipo na inafanya kazi, choo kiko mbali kiasi gani, kutoka kwa geti mpaka darasani ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu yake. Akiomba nafasi kupitia KUCCPS, ile ofisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, ulemavu wake uonekane kwenye fomu, usiufiche.

Sasa lile swali ulilouliza kwa uchungu, kuna mtu atamwajiri. Sitakudanganya kwamba itakuwa rahisi sawa na kwa nduguye. Kuna watu watamskia akiongea dakika ya kwanza na wafunge faili. Lakini wapo wanaoajiri na wanaongezeka. Nenda siku moja Pallet Cafe, Lavington, wahudumu wengi ni viziwi, mteja anaagiza kwa ishara na chakula kinakuja sawa, kwa sababu mahali penyewe pamepangwa wao waweze kufanya kazi. Na sheria iko upande wake: sheria ya watu wenye ulemavu ya 2025 inataka asilimia 5 ya nafasi za kazi zitengewe wao, na zabuni za serikali asilimia 30 ni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwa hivyo hata akiamua kufungua biashara yake ya kuchapisha ana njia. Najua sheria na maisha haviendani kila mara. Lakini nafasi hizo zikitangazwa wanaochukuliwa ni wale wenye cheti, wenye mtu wa kuwasifia aliyewahi kufanya nao kazi, na wenye kadi. Yule mwenye saiba ama wa duka la dawa wa likizo ndiye atakuwa huyo mtu wa kumsifia kwenye CV yake.

Kadi ni ya NCPWD, lile baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, ofisi zao ziko Waiyaki Way karibu na ABC Place lakini usajili siku hizi unaanzia eCitizen, na mtoto anatakiwa aonwe na madaktari wa hospitali ya serikali wajaze fomu ya tathmini. Kama hana, anzeni mwezi huu, manake ile foleni ya hospitali inaweza kuchukua muda na hutaki igongane na mwaka wa KCSE. Ndiyo inayofungua misaada ya vifaa, na siku akianza kupata mshahara, akiwa na cheti cha KRA cha msamaha wa kodi, shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Mkiwa hospitali hapo hapo uliza kitengo cha tiba ya usemi, pale Kenyatta kipo, na umwache yeye aeleze kwa daktari anataka kusaidiwa maneno gani yatoke vizuri zaidi. Akifika 18 aende kuchukua kitambulisho mara moja, alafu asajili laini yake mwenyewe na M-Pesa kwa jina lake, ile hela ya kwanza ya kibarua iingie kwake na si kwako.